KITI CHA MUTOTO NDANI YA NDEGE: TUCHAGUE MBELE YA SAFARI



Kazini tumezoea kusema ya kwamba usalama unaanza mbele ya kazi yenyewe kuanza. Hakuna mutu anayeshuka ndani ya shimo kisha akakumbuka kutafuta kofia yake. Taa, maski, viatu, mukanda: vyote vinatazamwa juu, kwenye mwangaza, wakati kungali nafasi ya kurekebisha. Safari ya ndege pamoja na mutoto mudogo ni vilevile. Mulango wa ndege ukisha kufungwa, wakati wa kuchagua umepita. Kiti ulichopewa ndicho utakaa nacho masaa 4, masaa 8, pengine usiku muzima.

Familia za wafanyakazi zinasafiri mbali. Wengine wanaenda kuona wazazi Kinshasa, na kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilometre 1 500 kwa njia ya anga. Wengine wanapita Addis Ababa kwenda Ulaya, kumufuata baba aliyetumwa kujifunza kazi, ao kumupeleka mugonjwa kwa waganga. Kutoka Lubumbashi mpaka Addis Ababa ni karibu masaa 4. Kutoka Addis Ababa mpaka Bruxelles ni masaa 7 ao 8 tena. Mutoto wa mwaka 1 ao 2 hawezi kutulia masaa hayo yote. Anataka kutembea, anataka kulala, anataka kunyonya, anataka kushika kila kitu anachokiona. Ndiyo maana ukurasa huu unasema leo juu ya neno moja tu: mutoto akae wapi?

MAGOTI YA MAMA SI KITI

Karibu kompani zote za ndege zinaruhusu mutoto ambaye hajatimiza miaka 2 kusafiri juu ya magoti ya mukubwa. Tike yake ni ya bei ndogo. Kwa safari za inchi za kigeni, mara nyingi ni karibu 10 kwa 100 ya bei ya mukubwa. Wazazi wanafurahi, na mutu hawezi kuwalaumu, maana feza ya safari ni nyingi.

Lakini tufanye hesabu kama watu wa mugodi, ambao wanajua uzito ni kitu gani. Mutoto wa mwaka mumoja na nusu anaweza kuwa na kilo 12. Mama anambeba kilo 12 kila siku mugongoni, ndani ya kikwembe, na anaenda naye mpaka sokoni. Vizuri. Sasa, ndege ikigonga ao ikisimama kwa gafula, uzito haubaki ule wa sokoni. Viti vya ndege za kisasa vinapimwa kusudi vivumilie nguvu ya mara 16 ya uzito wa mutu. Zidisha kilo 12 mara 16: ni kilo 192. Ni mama gani, ni baba gani, hata akiwa mwenye nguvu kushinda wote wa timu yake, anaweza kushika kilo 192 kwa mikono miwili, bila kujua wakati gani zitakuja?

Si upendo unaokosekana. Ni mikono inayoshindwa. Kazini hatumwambii mutu anayefanya kazi juu ashikwe mukono na mwenzake, tunamupa mukanda.

MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA

Siku ya 19 Julai 1989, ndege ya aina ya DC-10, safari namba 232 ya kompani United Airlines, ilikuwa inatoka Denver kwenda Chicago, katika Marekani. Mutambo wake wa nyuma ulipasuka ukiwa juu, na rubani akakosa njia ya kawaida ya kuongoza ndege. Walijitahidi wakafika kwenye uwanja wa Sioux City, katika jimbo la Iowa, lakini ndege ilianguka wakati wa kutua. Ndani kulikuwa watu 296. Watu 184 waliokoka, 112 walikufa.

Katika ndege hiyo kulikuwa watoto 4 wasiokuwa na viti vyao. Wakati wa kujitayarisha, watumishi wa ndege waliwaambia wazazi waweke watoto chini, katikati ya miguu yao, na kuwashika kwa nguvu. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya wakati ule. Hapakuwa na njia ingine ya kuwapa. Mutoto mumoja kati ya wale 4, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 2, alikufa. Mukubwa wa watumishi wa ndege ile, Bibi Jan Brown, aliokoka. Kisha hapo alitumia miaka mingi akiwaomba wakubwa wa serkali ya Marekani waweke sheria ya kwamba kila mutoto awe na kiti chake na mukanda wake. Mwaka wa 1990, ofisi ya Marekani inayochunguza misiba ya safari iliomba jambo lilelile.

Jambo la pili ni la juzi tu. Siku ya 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines, safari namba 321, ilikuwa inatoka London kwenda Singapore. Ilipokuwa juu ya inchi ya Myanmar, hewa ilitikisika kwa nguvu sana. Wachunguzi walipima mashine zake: kwa muda wa sekunde 4 na nusu hivi, ndege ilishuka karibu metre 54. Watu wasiokuwa wamefunga mukanda waliruka wakagonga vichwa juu, kisha wakaanguka tena. Mutu mumoja alikufa, na wengi waliumia. Ndege haikuanguka, haikuungua, ilitua vizuri Bangkok. Lakini ndani, mutu asiyekuwa na mukanda alikuwa kama jiwe lililolegea kwenye dari ya mugodi.

Hatuandiki mambo haya kusudi watu waogope ndege. Misiba ya ndege ni haba sana. Hata kufunga kofia kila siku si kwa sababu jiwe linaanguka kila siku.

“YAYA, KITI HICHO NI FEZA MINGI”

Kwenye mulango wa dispanseri, wafanyakazi wawili walikuwa wakizungumza namna hii.

— Yaya, bibi yangu ataenda Bruxelles na mutoto. Mutoto ana miezi 22. Nimeambiwa nikimununulia kiti chake nitalipa bei ya mutoto mukubwa. Ni feza mingi. Nataka amuweke juu ya magoti.

— Mudogo wangu, watakaa kule muda gani?

— Miezi 3.

— Basi hesabu. Miezi 22 na miezi 3 ni miezi ngapi?

— Ni 25.

— Wakati wa kurudi atakuwa amepita miaka 2. Kompani itakuomba kiti chake hata ukikataa. Ukingoja mpaka siku ile, utakikuta bei ya juu, ao utakuta ndege imejaa. Uliza leo bei ya kwenda na ya kurudi pamoja.

— Na wakati wa kwenda?

— Wakati wa kwenda, chagua wewe. Lakini mimi nitakuuliza neno moja: ile feza ya mizigo ya kupita kilo, utakayolipa juu ya mihogo, samaki na vikwembe vya zawadi, imepita ile ya kiti?

Muzee huyo alisema kweli. Katika kila familia feza inahesabiwa, na si kila familia inaweza kulipa kiti kingine. Kama unaweza, kiti cha mutoto ndicho kitu cha kwanza cha kulipa, mbele ya zawadi. Kama huwezi, kungali mambo mengi ya kufanya ambayo hayaombi hata franka moja. Soma chini.

KAMA MUTOTO ANA KITI CHAKE

Mutoto aliyepita miaka 2 lazima awe na kiti. Mutoto wa chini ya miaka 2 anaweza kuwa nacho kama wazazi wanalipa. Je, akae upande gani?

Mahali pa kwanza ni dirishani. Kiti cha pembeni ya njia ya katikati ndicho kibaya zaidi kwa mutoto mudogo. Njiani mule ndimo kigari cha chakula kinapita, na ni kizito. Vidole vya mutoto vinapenda kutoka nje ya kiti. Njiani mule ndimo chai ya moto inapita juu ya kichwa chake. Tena mizigo ya kabati la juu, wakati inafunguliwa, inaanguka upande wa njia kuliko upande wa dirisha. Zaidi ya hayo, mutoto akiwa dirishani na muzazi karibu yake, hawezi kukimbia wakati muzazi anasinzia. Lazima akurukie kwanza.

Kama unaleta kiti kidogo cha mutoto, kile cha motokari, tazama kama kina alama inayosema kinaruhusiwa ndani ya ndege, na uulize kompani mbele ya safari. Upimie upana wake pia, maana viti vya ndege ni vyembamba. Kiti hicho kinawekwa dirishani, ao katikati ya viti vya katikati katika ndege kubwa. Sababu yake mutu wa mugodi ataielewa mara moja: hakipaswi kufunga njia ya wengine wanaotaka kutoka. Ndege mbele ya kuruhusiwa kubeba watu inapimwa kama watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Kitu kinachofunga njia sekunde 10 kinaweza kuua.

Namna viti vinavyopangwa si moja katika ndege zote. Katika Boeing 737 kuna viti 3 upande huu na 3 upande ule. Baba, mama na mutoto wanajaza mustari wa upande mumoja: mutoto dirishani, mama katikati, baba kwenye njia. Katika Airbus A330, mara nyingi ni 2, kisha 4, kisha 2. Hapo mama mumoja na mutoto mumoja wanapata upande wa viti 2 peke yao, bila mugeni wa kumusumbua. Na familia ya watu 4 inajaza viti vya katikati, wakubwa kwenye njia mbili, watoto ndani. Katika Boeing 787 na Airbus A350, mara nyingi ni 3, 3 na 3. Uliza wakati wa kununua tike: “Ni ndege gani, na viti vimepangwa namna gani?” Si aibu kuuliza.

KAMA MUTOTO ANAKAA JUU YA MAGOTI

Jambo la kwanza, na linapita yote: usifunge mukanda wako mumoja juu yenu ninyi wawili. Wazazi wengi wanafanya hivyo wakifikiri wanamukinga. Ndege ikisimama kwa gafula, mwili wa mukubwa wa kilo 60 ao 70 unasukumwa mbele, na katikati ya mwili huo na mukanda kuna tumbo la mutoto. Anapondwa na mutu anayemupenda.

Katika ndege nyingi za Ulaya na za pande zetu, mutumishi ataleta mukanda mudogo wa mutoto, unaoshikizwa kwenye mukanda wa mukubwa. Huo unamuzuia kuruka. Haukamilishi yote, na Marekani hairuhusu mukanda huo wakati wa kuruka na kutua, kwa sababu unaweza kuumiza tumbo. Lakini pale kompani inapoutoa, uuombe na uufunge namna wanavyokuonyesha. Kompani isipokuwa nao, fuata namna watakayokuambia ya kumushika. Kikwembe cha mugongoni si mukanda. Wakati wa kuruka na wakati wa kutua, mutoto anatoka mugongoni.

Jambo la pili: mukubwa mumoja, mutoto mumoja wa magoti. Mama hawezi kubeba wawili juu ya magoti, hata kompani haitaruhusu.

Jambo la tatu: hata hapa, mama akae dirishani ao katikati kuliko kwenye njia. Kichwa na miguu ya mutoto anayelala vinatoka nje ya kiti, na kigari kinavigonga gizani.

Jambo la nne: ndege isipojaa, muulize mutumishi kwa heshima kama kuna kiti kitupu karibu. Mara nyingi, kama kiko, wanaruhusu. Utakuwa umepata bila malipo kile ambacho wengine wamelipia. Uliza kwenye meza ya uwanja wa ndege, mbele ya kuingia, maana pale ndipo wanapojua hesabu ya watu.

KITI CHA MBELE YA UKUTA NA KITANDA KIDOGO

Wazazi wengi wanapenda mustari wa kwanza, ule ulio mbele ya ukuta. Ni kweli, kuna nafasi ya miguu, na hakuna mutu mbele ambaye mutoto atamupiga teke mugongoni. Tena, katika ndege za safari ndefu, kwenye ukuta huo wanatundika kitanda kidogo cha mutoto.

Lakini ujue mambo haya mbele ya kukiomba. Kitanda hicho ni cha mutoto muchanga. Kompani nyingi zinaweka kipimo cha karibu kilo 10 ao 11, na urefu wake ni mudogo. Mutoto anayetembea, wa mwaka na nusu, hataenea humo. Tena, kila mara taa ya mukanda inapowaka, mama anapaswa kumuondoa mutoto na kumushika, hata kama amelala sasa hivi. Tena, katika mustari huo meza ya kulia imefichwa ndani ya mukono wa kiti, kwa hiyo mukono hauinuki. Mutoto hawezi kulala juu ya viti viwili. Na mufuko wako wa maziwa na nguo hauwezi kukaa chini wakati wa kuruka na kutua, kwa sababu hakuna kiti mbele. Unapandishwa kabatini, wakati ule mutoto anapolia zaidi.

Kwa mutoto muchanga wa miezi michache, basi, omba mustari huo mapema, maana vitanda ni vichache. Kwa mutoto anayetembea, mustari wa kawaida unafaa zaidi.

Mistari ya milango ya hatari haipewi familia yenye watoto. Usikasirike. Pale panaombwa mutu mukubwa, mwenye mikono mitupu, anayeweza kufungua mulango muzito. Ni sheria ya kuwakinga wote, na wewe pia.

Mistari ya mwisho kabisa iko karibu na choo na jiko. Kwa mutoto anayejifunza kwenda choo ni vizuri. Lakini kuna watu wanaosimama kungoja, mulango unaofunguka usiku kucha, na viti vya mwisho mara nyingi havilali nyuma. Tena mukia wa ndege unatikisika kuliko katikati. Mutoto anayetapika haraka akae karibu na mabawa, pale mitikisiko inasikilika kidogo. Mistari michache mbele ya choo, si ule wa mwisho, inafaa kwa mambo yote mawili.

MASKI: UVAE YAKO KWANZA

Wale wanaoshuka chini ya udongo wanajua fundisho la maski: jiokoe kusudi uweze kuokoa. Ndani ya ndege ni fundisho lilelile.

Ndege kubwa inaruka kilometre 10 mpaka 12 juu ya inchi. Kule hewa ni haba sana. Mashine zinaongeza hewa ndani, na watu wanapumua kama wako juu ya mulima wa metre 1 800 ao 2 400. Hewa hiyo ikitoka kwa sababu ya uharibifu, maski zinaanguka kutoka juu. Mutu asiye na maski, kwa urefu ule, ana nusu dakika mpaka dakika moja hivi ya akili timamu. Kama unaanza kwa mutoto, na mutoto anapigana na kuvuta maski, wewe unaweza kuzimia, na ninyi wawili mumepotea. Ukivaa yako kwanza, ni sekunde chache, kisha una nguvu na akili ya kumuvalisha yeye.

Hapa kiti kina neno lake. Mara nyingi, juu ya kila fungu la viti kuna maski moja ya kuzidi hesabu ya viti. Fungu la viti 3 lina maski 4. Kwa hiyo watoto wawili wa magoti hawawezi kukaa katika fungu moja. Kama dada yako anasafiri pamoja nawe, na kila mumoja ana mutoto magotini, mutumishi akiwatenga, mumutii. Si ubaya wake, ni hesabu ya maski. Na musibadilishane viti wenyewe bila kumuuliza.

Tena usimulaze mutoto chini juu ya kikwembe, hata akilala vizuri pale. Maski haifiki chini, mukanda hauko, na kigari kinapita. Kama ana kiti chake, muache alale kitini, mukanda ukiwa juu ya blanketi kusudi watumishi wauone bila kumuamusha.

MASIKIO, MAJI NA DAMU

Wafanyakazi wa Kipushi, ambako mugodi unashuka zaidi ya metre 1 000, wanajua namna masikio yanavyoziba wakati wa kushuka upesi. Wewe unameza mate, sikio linafunguka. Mutoto hajui. Njia ndogo ya ndani ya sikio lake ni nyembamba kuliko yako, na maumivu yake ni makubwa, zaidi sana wakati ndege inashuka. Mupe kunyonya, ao chupa, ao kitu cha kumeza kidogo kidogo, tangu ndege inaanza kushuka, si wakati magurudumu yanagusa chini. Kwa hiyo mama anayenyonyesha atafurahi kukaa dirishani, na baba ao ndugu upande wake: atakuwa amefichwa vizuri.

Mutoto mwenye mafua makali ao ugonjwa wa sikio aonyeshwe kwa muganga mbele ya safari. Na mutoto mwenye ugonjwa wa damu wa SS, ule unaoleta maumivu ya mifupa, lazima aonwe na muganga siku nyingi mbele, kwa sababu hewa haba ya ndege inaweza kuamusha ugonjwa wake. Muganga ataamua, na pengine atamuandikia karatasi ya kuonyesha kompani.

Hewa ya ndani ya ndege inakausha. Mutoto anywe maji mara nyingi.

MAMBO YA KUFANYA, KWA KIFUPI

1. Siku ya kununua tike, sema umri wa mutoto kwa siku ya kwenda na kwa siku ya kurudi.

2. Palepale, omba viti vya kukaa pamoja. Usingoje kuomba ndani ya ndege. Kule kila mutu amekwisha kukaa.

3. Kama tike inanunuliwa na ofisi ya kazi, peleka ombi lako kwa maandishi: “Ninasafiri na mutoto wa miezi hii, ninaomba dirisha, na mukubwa karibu yake.”

4. Siku ya safari, fika mapema. Wanaofika mwisho wanapata viti vilivyobaki, na vilivyobaki viko mbalimbali.

5. Kama viti vimetengwa, mutoto mudogo akae na mukubwa mumoja wa familia. Wakubwa ndio wanaoweza kutengana, watoto hapana.

6. Ukisha kukaa, hesabu mistari mpaka mulango wa hatari ulio karibu, mbele na nyuma. Wakati wa moshi utahesabu kwa mikono.

7. Mama na baba wapatane mbele: ni nani atatoka na mutoto gani.

8. Mukanda ubaki umefungwa hata kama taa imezimika.

NENO LA MWISHO: NJIA YA KURUDI NYUMBANI

Wakubwa wa ndege wa Marekani walikataa kuweka ile sheria iliyoombwa kisha msiba wa Sioux City. Mwaka wa 2005 walieleza tena sababu yao: wazazi wakilazimishwa kulipa kiti cha mutoto, wengi wataacha ndege na kusafiri kwa motokari, na barabarani watoto wengi zaidi watakufa. Watu wengi wamebisha maneno hayo. Lakini ndani yake kuna kweli moja ambayo kila familia inapaswa kuisikia: barabara ni hatari kuliko ndege.

Basi fikiri juu ya familia inayofika Lubumbashi kutoka Ulaya. Ndani ya ndege mutoto alikuwa dirishani, mukanda umefungwa, kila kitu kwa utaratibu. Uwanjani motokari inangoja kuwapeleka Kolwezi, karibu kilometre 300. Watu wanapanda, mizigo inajaa, na mutoto yuleyule anawekwa mbele, juu ya magoti ya mama, karibu na kioo, bila mukanda. Kilo 12 zake hazikubadilika. Mikono ya mama haikupata nguvu ingine. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mutumishi wa kupita kati ya viti na kutazama.

Ndugu wafanyakazi, ninyi wenyewe muwe watumishi hao. Katika motokari mutoto akae nyuma, mahali pake, amefungwa kwa mukanda unaomufaa, kama ndani ya ndege.

Mutoto hachagui kiti. Anayechagua ni wewe. Uchague mbele ya safari.